Canter ya kuhama Tabata hadi Tanga: dereva aliyeniuliza upana wa mlango

Nilistaafu uuguzi nikiwa na miaka 60, nikakaa Tabata miaka mitatu zaidi peke yangu, kisha nikaamua kurudi kwetu Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyotuachia mama. Ikabidi nitafute gari la mizigo.

Dereva wa kwanza niliyempigia alitaja bei hata salamu hazijaisha. Huyu wa pili aliniuliza: "Mama, mlango wa huko unakokwenda una upana gani?" Sikujua. Akasema nimtume mtu apime kwanza, ndipo tuzungumze hela. Mpwa wangu akapima: sentimita 76. Kabati langu la mninga, lililonunuliwa Keko mwaka 1994 marehemu mume wangu akiwa hai, lina kina cha sentimita 85 na halifunguki vipande vipande. Madirisha yote yana nondo.

Nililia, sifichi. Lakini nililia nikiwa Tabata, na nilikuwa na wiki nzima ya kulifikiria. Ningefika nalo Tanga, ningelilia barabarani, jua la saa nane, makuli wanasubiri. Kabati nimempa jirani yangu, aliyenipikia siku zote nilizouguza. Dereva aliniambia ameshaona makabati mengi ya wazee yakilala nje, yakinyeshewa, na mwenyewe anaona aibu hata kutoka.

Siku ya kupakia alichelewa kwa saa mbili, ila alipiga simu kabla. Alikuja na vijana wawili. Kila kitu walichokishika waliniuliza, "Bibi, hiki kinakwenda au kinabaki?" wakangoja jibu. Hilo mtu wa umri wangu analithamini kuliko bei. Sahani walizisimamisha kwa ukingo ndani ya ndoo, kila moja imefungwa kipande cha khanga kuukuu, wakasema zikilazwa zinabebana uzito na za chini hupasuka. Haikuvunjika hata moja. Friji lilisafiri wima, likiwa limebanwa na magodoro. Hata hivyo alinikataza kuliwasha usiku ule, kwa sababu barabarani gari huyumba na mafuta ya kompresa yanataka muda wa kurudi chini. Mtungi wa gesi ulifungwa na kusimamishwa karibu na mlango wa nyuma.

Boksi moja lilipakiwa mwisho kabisa. Ndani yake alinitaka niweke jiko dogo, kibiriti, sufuria, majani ya chai, sukari, shuka, chandarua na dawa zangu za presha. "Mtu akifika kachoka hawezi kutafuta," alisema. Nimefanya kazi wodini miaka zaidi ya 30, trei ya dharura tunaiweka karibu na mkono, lakini nyumbani kwangu sikuwahi kuliwaza hilo.

Tulikaa kwenye mizani ya Vigwaza kwa muda mrefu, tukapinda Chalinze, tukavuka Wami. Mimi nilikaa dirishani. Alisimama kila niliponyoosha mkono, maana magoti yangu hayapendi kukaa sana, na Muheza akanisubiri ninunue machungwa.

Sasa kasoro. Maturubai yake yana tundu. Mvua ilitukuta baada ya Segera na boksi la picha likalowa. Picha ya ubatizo wa mwanangu wa kwanza imeharibika na hairudi tena. Aliomba radhi, akapunguza elfu hamsini kwenye laki sita na nusu tuliyokubaliana, bila mimi kudai. Pia hakuniambia mapema kwamba kijana mmoja tu ndiye angekuja hadi Tanga. Ikabidi tukodi makuli wa kushusha, elfu thelathini, na fedha hiyo imetoka mfukoni mwangu. Ukimkodi, uliza habari ya kushusha kabla hamjapeana mkono, na picha zako zibebe mwenyewe.

Tulimaliza saa mbili usiku, na umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Boksi lile lilikuwa mlangoni. Nilipika chai kwa mwanga wa simu, dereva na kijana wake wakanywa vikombe viwili viwili kabla ya kugeuza gari.

Nampa nyota nne. Dada yangu anahama Mbagala mwezi wa pili na namba nimeshampa. Jana amenipigia akiwa na futi ya fundi mkononi, anapima mlango.