Kabureta au injekta kwa gari lako la mapenzi? Fungua tenki kwanza

Naandika hii mikono bado inanuka petroli. Juzi nimeshusha pampu ya pili iliyokufa kwenye gari langu la zamani, silinda nne, lita mbili, lile ninalolitoa wikendi tu, na kila fundi niliyempelekea alikuwa anachungulia juu ya injini, kwenye ile throtobodi (mdomo wa kuingizia hewa kwenye injini) mpya inayong'aa, wakati ugonjwa wenyewe uko nyuma kabisa chini ya siti.

Nilitoa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, iliyokuwa inafanya kazi, nikaweka seti ya injekta ya throtobodi, inayopuliza petroli kwa presha, ile aina inayokaa palepale kabureta ilipokuwa na kontroboksi yake, yani kompyuta yake, inajifunza yenyewe. Tangazo liliandika "seti kamili". Nitarudi kwenye hilo neno kamili.

Nguvu sitaziongelea, na ulaji wa mafuta pia sitauongelea, hivyo utavisoma kila mahali na kwa gari unalotoa siku ya mapumziko havibadilishi chochote cha maana. Ninachotaka ukijue kabla hujatoa hela ni tenki. Yani tenki, mipira, pampu na njia ya mafuta kurudi.

Iko hivi. Kabureta ina bakuli lenye floti, yani kiboya, na lile bakuli ni akiba. Ukikata kona kali na tenki lina mafuta kidogo, petroli inakimbilia upande mmoja, bomba la kunyonya linabaki hewani sekunde moja au mbili, pampu inavuta hewa, lakini injini haijui kitu kwa sababu inakunywa kwenye bakuli. Injekta haina bakuli. Yenyewe inategemea presha isimame palepale muda wote, na hewa ikiingia kwenye pampu presha inaanguka hapohapo, gari linakata katikati ya kona. Langu lilianza hivyo, tenki likishuka chini ya robo nikikata kushoto tu linazima, nikaambiwa ni sensa, nikabadilisha sensa, nikaambiwa ni wayaringi, nikatoa wayaringi yote nikafunga upya, kumbe tenki la zamani halina vizuizi ndani vya kuzuia mafuta yasicheze, lilitengenezwa kwa ajili ya kabureta na halikuwahi kuvihitaji.

Halafu presha. Kabureta ya Weber inataka kama psi 3 hivi (psi ni kipimo cha presha), kabureta ya Holley ya matundu manne inataka 5 mpaka 7. Seti nyingi za throtobodi zinataka 58, ambayo ni baa 4. Hiyo sio tofauti ndogo. Mpira wa mafuta wa kawaida wenye alama SAE 30R7 umetengenezwa kwa presha ya chini, kwa injekta unatakiwa 30R9 na klipu zake za kubana mzunguko mzima, sio zile za meno zinazokata mpira. Mtu anabadilisha throtobodi anaacha mpira uleule wa miaka yote unaopita karibu na ekzosi, na siku hizi petroli nyingi ina ethanoli inayolainisha raba za zamani. Hapo ni moto unausubiri, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona mpira wangu umevimba kama mshipa.

Na pampu. Pampu ya injekta inasukuma vizuri ila kunyonya haiwezi, ndiyo maana kwenye magari mengi ya kiwandani imewekwa ndani ya tenki ikipoozwa na petroli yenyewe. Ukiifunga nje inatakiwa ikae chini ya usawa wa tenki na karibu nalo. Inasukuma mafuta mengi kuliko injini inavyotumia na yanayobaki lazima yarudi kwenye tenki yakapoe. Tenki langu halina tundu la kurudishia. Muuzaji akaniambia weka T tu, yani kiungo cha njia tatu, rudisha kwenye mpira wa kunyonya, watu wote wanafanya hivyo. Nikafanya. Mafuta yaleyale yakawa yanazunguka kidogo kidogo kati ya pampu na regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha, yanapata moto, yanatoa mapovu, pampu inalia kama nyuki, halafu kimya. Ya kwanza ikafa hivyo, ya pili hivyohivyo.

Haya, ningekuwa nanunua upya leo ningepanga hivi.

Namba moja Weber. Naipenda na sitaficha. Kwa injini ya silinda nne ya barabarani chukua 32/36 DGEV, ina tundu dogo la milimita 32 linalofunguka kwanza na la 36 linalofuata ukikanyaga, choki yake ni ya umeme, inakaa kwa pampu uliyonayo ukiweka regyuleta ishushe presha, maana ikizidi inasukuma sindano ya floti na kabureta inafurika. Jeti zake, yani vitundu vya kupimia petroli, zinapatikana, unazibadilisha kwa bisibisi, na ikikusumbua njiani unaifungua, unapuliza, unaendelea na safari. Ukitaka raha zaidi kuna DCOE 40 za pembeni mbili, ule mlio wake wa kuvuta hewa hakuna injekta itakayokupa, ila ujue kuzilinganisha zivute sawa ni kazi ya subira na silensa, yani injini kunguruma bila kukanyaga mafuta, usiitegemee iwe ya chini kabisa.

Hapa watu wanakosea ukubwa wa kabureta. Chukua lita za injini, zidisha kwa mizunguko ya juu kabisa, gawa kwa mbili. Lita 2 kwa 6,500 unapata lita 6,500 za hewa kwa dakika, ambayo ni kama futi za ujazo 230, na injini ya kawaida haijazi hata hizo. Sasa mtu anakuja na kabureta ya futi za ujazo 600 kwa dakika anaibandika hapo kwa sababu kubwa inaonekana ina nguvu, halafu gari linasita kila ukigusa mafuta. Hiyo 600 ni ya V8, injini ya silinda nane, ya lita 5.7 na kitu.

Ubaya wa kabureta upo na nausema. Ukipanda mlima mrefu hewa inakuwa nyepesi, mchanganyiko unazidi mafuta, plagi zinakuwa nyeusi. Asubuhi ya baridi inataka ubembelezwe. Gari likikaa miezi, petroli kwenye bakuli inakauka na kuacha gundi kwenye jeti. Kama wewe ni mtu wa milima, au unaweka tabo (feni ya kusukumia hewa zaidi kwenye injini), ruka uende namba mbili.

Namba mbili ni injekta ya kiwandani kutoka kwa ndugu mdogo wa injini yako. Magari mengi ya zamani yana toleo la baadaye lenye injini ileile ila na injekta moja kila silinda. Nunua manifoldi (bomba la kugawa hewa kwenye silinda), wayaringi, kontroboksi, sensa, NA TENKI lake na pampu yake. Vyote. Kama tenki haliingii, fungia tenki dogo la pembeni linalojazwa na pampu ya presha ndogo, hilo linafanya kazi ileile ya lile bakuli la floti. Hakikisha pia gari lina alteneta ya kutosha, dinamo ya zamani haitalisha pampu, injekta na feni kwa pamoja.

Namba tatu seti za throtobodi kama niliyonunua. Sio mbaya zenyewe. Holley Sniper, seti mojawapo ya aina hii, nimeiona kwenye gari lenye tenki lililoandaliwa vizuri na inawaka mara moja. Ila zinasoma moshi kwa sensa ya oksijeni, kwa hiyo kama ekzosi inavuja kabla ya sensa, inanusa hewa ya nje, inadhani mafuta hayatoshi, inaongeza, na unaloweka injini.

Za bei ya chini, zile Weber za kuiga, sina mengi. Nimefungua moja, uso wake ulikuwa umepinda na jeti zina namba zisizoendana na matundu. Speeduino, kontroboksi ya kujifungia mwenyewe, ni nzuri kwa anayejua kuchomelea waya na kutyuni mwenyewe, basi.

Sasa wauzaji. Neno "kamili" kwenye ile seti lilimaanisha throtobodi, sensa, waya na pampu ya nje. Hakuna mpira wa R9, hakuna kitu cha ndani ya tenki, hakuna hata sentensi moja kwenye tangazo inayosema tenki lako linahitaji vizuizi na njia ya kurudi. Hizo ni bidhaa nyingine, zinauzwa peke yake, na ukijumlisha unakuta zinakaribia bei ya seti yenyewe. Wanajua. Nilipodai pampu ya kwanza nikajibiwa garanti imekufa kwa sababu nimeifunga vibaya, na aliyenielekeza kuifunga hivyo ni yeye, ujumbe wake ninao mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa muulize kwa maandishi: mafuta yanarudi wapi? Nini kinazuia pampu isivute hewa nikiwa chini ya robo tenki? Akijibu "haina shida", omba picha ya tenki la gari alilolifungia. Mimi kabureta yangu ya zamani bado iko kwenye boksi, na Jumamosi inarudi mahali pake.