Wameniambia jua la Kigoma haliwezi kuchomoza saa moja

Nimeipa programu hii ya simu nyota moja. Siku chache zilizopita nilikuwa nimetoa nne, na kabla ya hapo nilikuwa nawasumbua ndugu na marafiki wote waipakue. Nieleze kilichotokea katikati, maana hasira yangu haijapoa.

Programu yenyewe ni ya kutafuta mahali pasipotajwa. Huoneshwi picha, hupewi bendera wala jina la mtaa. Unapewa tarehe, saa ya jua kuchomoza, saa ya jua kuzama, na saa za hapo zimetangulia au zimebaki nyuma ya Greenwich kwa kiasi gani. Basi. Unaweka alama kwenye ramani ya dunia, na kadiri ulivyo mbali na penyewe ndivyo pointi zinavyopungua. Kila siku swali moja. Ukilipia unafunguliwa maswali ya siku za nyuma. Nililipia, tena kwa furaha.

Na haki ya mtu apewe: aliyebuni mchezo huu ana akili. Sijawahi kupenda kitu kwenye simu namna hii. Unachukua saa ya kuchomoza na saa ya kuzama, unatafuta katikati yake. Hapo ndipo jua liko juu kabisa, saa sita ya jua lenyewe, si saa sita ya ukutani. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, digrii moja kila dakika nne. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, kwa hiyo jua likifika utosini dakika nne baada ya saa sita, uko digrii moja magharibi ya mstari huo. Likichelewa dakika nane, digrii mbili. Hiyo ndiyo longitudo. Latitudo unaipata kwenye urefu wa mchana: Juni mchana ukiwa mfupi kuliko usiku uko kusini ya ikweta, ukiwa mrefu uko kaskazini, na kadiri unavyozidi kupishana na saa 12 ndivyo unavyokwenda mbali.

Swali langu la kwanza kulipata sawasawa lilikuwa la Juni. Jua linachomoza saa kumi na mbili na dakika 33 asubuhi, linazama saa kumi na mbili na dakika 16 jioni, saa za hapo ziko tatu mbele ya Greenwich. Nikachukua kalamu. Mchana wa saa 11 na dakika 43: kusini, lakini si mbali, digrii sita saba. Katikati ni saa sita na dakika 24 au 25. Ukitoa dakika mbili za ucheleweshaji wa jua lenyewe, unabaki kama digrii 39 na nusu. Nikasema hii ni Dar es Salaam, ninapoishi! Nilipiga kelele watoto wakatoka chumbani kuuliza kuna nini.

(Huo ucheleweshaji msiudharau. Jua halifiki utosini saa ile ile mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba linawahi kwa dakika 16 hivi, katikati ya Februari linachelewa kama 14. Asiyejua hilo atakosea digrii tatu nne na atalaumu ramani.)

Lililonifanya nilipie lilikuwa la Desemba, jua linachomoza saa nne na dakika kumi na kitu asubuhi. Saa nne! Saa za hapo nane mbele ya Greenwich, na jua linafika juu kabisa saa tisa kasoro dakika chache. Nikakaa na kikombe cha chai hadi kikapoa. Saa nane mbele maana yake mstari wa digrii 120, na jua limechelewa karibu saa tatu, basi ni digrii 76 hivi. Nchi gani inayoburuta saa za mashariki mpaka magharibi kiasi hicho? China. Nchi nzima inatumia saa za Beijing, na kule Kashgar, mwisho wa magharibi, watu wanakula chakula cha asubuhi gizani. Niliweka alama Kashgar nikapata pointi zote. Siku ile nyota nne zilikuwa chache.

Sasa lije lililonivunja moyo.

Ilikuwa mwezi wa tatu, siku zile usiku na mchana vinakaribia kulingana. Swali la siku: jua linachomoza saa moja na dakika tano asubuhi, linazama saa moja na robo usiku, saa tatu mbele ya Greenwich. Muda umezungushwa kwenye dakika tano tano, wenyewe wanasema hivyo kwenye maelezo yao. Sikuhitaji kalamu. Nilijua palepale. Ni Kigoma. Nimezaliwa Ujiji, nimekulia pale, jua lile nalijua kama ninavyoijua sauti ya mama.

Mtu ambaye hajakaa magharibi ya Tanzania hawezi kuelewa uzito wa saa moja ile. Nchi yetu nzima inafuata saa za aina moja kuanzia pwani hadi Ziwa Tanganyika, lakini jua linatoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa karibu dakika 40. Nikiwa mtoto, mwezi wa Ramadhani tulikuwa tunakaa barazani kwa bibi, redio iko pembeni, na adhana ya Magharibi ya Dar inasikika wakati kwetu jua bado liko juu ya milima ya Congo, jekundu, halina haraka. Mtoto mgeni angenyoosha mkono kwenye tende. Bibi alikuwa anasema, "Hilo ni jua la wenzenu. Letu bado." Tukasubiri. Dakika 40 za njaa ya mtoto hazisahauliki. Na asubuhi tulitoka kwenda shule kiza hakijaisha vizuri, na jua likachomoza ikiwa saa moja kweli, saa ya kwanza ya mchana inaanza na jua lake.

Kwa hiyo niliweka alama Kigoma mjini, karibu kabisa na stesheni ya reli. Nikabonyeza. Sifuri. Umekosea kwa zaidi ya kilomita 5,000. Jibu: Istanbul.

Nilidhani simu imeharibika. Kisha nikafungua ramani, na hapo ndipo damu ilipoanza kuchemka. Istanbul iko digrii 29 mashariki. Kigoma iko digrii 29 na nusu na kidogo. Uturuki tangu 2016 imeacha kubadilisha saa, iko saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima, sawasawa na sisi. Ni kama umechora mstari kutoka Ujiji kwenda juu moja kwa moja. Na tarehe ile ya Machi mchana ni wa saa 12 na dakika chache karibu kila mahali duniani! Kigoma na Istanbul siku ile zinapishana dakika mbili, tatu, nne, wakati wao wenyewe wamezungusha kwenye tano. Hata Saint Petersburg kule Urusi, digrii 30 mashariki, saa zile zile, ingekaribia jibu hilo hilo. Longitudo nimeikosa kwa chini ya digrii moja. Latitudo hakuna binadamu ambaye angeipata kwa namba zile.

Hili si jambo jipya. Wanaofuatilia safari za ndege wa porini wanawafunga mguuni kidude kinachopima mwanga, kisha wanasoma macheo na machweo kujua ndege alikuwa wapi, hesabu hii hii. Na karibu na siku zile za Machi na Septemba hawaiamini latitudo inayotoka, wanaiweka kando, kwa sababu urefu wa mchana haukwambii kitu. Wataalamu wanaiweka kando! Hawa wa mchezo wanampa mtu sifuri.

Bado nilikuwa na adabu. Niliwaandikia huduma kwa wateja ujumbe mzuri, kwa Kiingereza kilichonyooka, na hesabu yote. Niliwapa na ushauri: swali la siku hizo liwe na tarehe mbili. Waongeze macheo na machweo ya Juni tu ya mahali hapo hapo. Juni Istanbul ina mchana wa saa 15, Saint Petersburg inakaribia 19, Kigoma haifiki hata 12. Mambo yamekwisha.

Majibu yalikuja baada ya siku mbili. Mhudumu aliniambia kwamba Afrika Mashariki iko kwenye ikweta, na kwenye ikweta jua huchomoza saa kumi na mbili kamili na kuzama saa kumi na mbili kamili mwaka mzima, kwa hiyo jibu langu haliwezekani kabisa. Akanishauri nisome kwanza misingi ya jiografia kabla ya kulalamika. Akaweka na alama ya tabasamu.

Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Mtu anayelipwa kuhudumia mchezo wa macheo na machweo haelewi kwamba saa ya ukutani ni makubaliano ya serikali na jua halikualikwa kwenye kikao! Bujumbura iko jirani kabisa na Kigoma, ziwa lile lile, karibu longitudo ile ile, na jua linachomoza saa kumi na mbili na kidogo kwa sababu tu Burundi iko saa mbili mbele ya Greenwich na sisi tatu. Jua lenyewe linawafikia karibu pamoja.

Nikampigia mdogo wangu aliyeko Kigoma. Nikamwambia, mdogo wangu, kesho nenda Kibirizi, kando ya ziwa, jioni, tazama jua likizama, uniambie saa. Akaenda, hakuuliza kwa nini. Akanipigia: "Limegusa milima saa moja na dakika chache, dada. Nimesubiri hadi likapotea lote." Na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu hesabu ya programu inachukulia upeo tambarare kama wa baharini, na milima ya ng'ambo inalimeza jua mapema kidogo. Alipiga na picha, mitumbwi ya dagaa inaanza kutoka, saa ya simu inaonekana. Niliwatumia picha ile. Wakafunga malalamiko yangu bila neno.

Ndiyo maana nyota moja. Si kwa ajili ya pointi, ingawa pointi nazitaka. Ni kule kuambiwa kwamba mahali nilipozaliwa hapawezi kuwapo.

Nyongeza, wiki kadhaa baadaye: nimeingia leo nikakuta wamebadilisha kimya kimya. Maswali ya Machi na Septemba sasa yanakuja na tarehe mbili, ya pili ya Juni au Desemba. Ni kile kile nilichowaandikia. Nilijaribu swali la zamani lililorekebishwa na linafanya kazi vizuri, ni tamu kuliko mwanzo, kwa sababu sasa unaona mistari miwili, wa longitudo na wa latitudo, inakutana kwenye ramani. Nimepandisha hadi nyota tatu, na kwa mtu anayependa ramani nasema apakue.

Halafu nikafungua historia yangu. Siku ile ya Machi bado ni sifuri. Kilomita 5,000. Na ujumbe wa kuniambia nikasome jiografia bado upo pale pale, na tabasamu lake, hakuna aliyesema samahani. Nimeshusha hadi mbili. Wakiomba radhi nitapandisha siku hiyo hiyo.