Gitaa zito, gitaa jepesi: nimeyapima Mwanjelwa

Habari zenu ndugu watazamaji, mlio hapa Mbeya na mlio mbali. Haya magitaa mawili ya umeme jana niliyabeba hadi sokoni Mwanjelwa, nikamwomba mama mmoja anayeuza mchele wa Kyela anipimie kwenye mizani yake. Hili jekundu, umbo la Les Paul ya kampuni ya Gibson, kilo 4.6. Hili jeupe, umbo la Stratocaster ya kampuni ya Fender, kilo 3.1. Mama akauliza, "Mwanangu, hilo zito ndilo zuri?"

Wapigaji wengi wangemjibu ndiyo. Tusikilize kwanza bila amplifaya. Mmesikia? Jeupe linavuma zaidi, nalisikia mpaka kwenye mbavu. Jekundu limetulia, ila noti yake inakawia kufa.

Sasa nachomeka waya. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na inachonasa ni mtikisiko wa nyuzi za chuma. Mbao haizisikii moja kwa moja. Unene huu wa sauti ya jekundu unatoka zaidi kwenye pikapu zake za koili mbili kuliko kwenye kilo zake. Mwaka jana nilibadilisha pikapu za jeupe, mbao zilezile, uzito uleule, na wenzangu wa kwaya wakaniuliza gitaa jipya nimelipata wapi. Sisemi mbao hazichangii kitu. Zinagusa jinsi noti inavyozimika. Ila usilipie kilo ukidhani unanunua sauti.

Kilo utazilipia kwa bega. Nilipiga mkesha mzima na hili jekundu, na kufika alfajiri vidole vya kushoto vilikuwa na ganzi. Vidole vikichoka, solo inachoka, na hiyo waumini wanaisikia kabisa! Watengenezaji wenyewe walilijua hili. Stratocaster ya mwaka 1954 ilichongwa mgongoni ifuate mbavu za mpigaji, na miaka ya 1980 Gibson wakaanza kutoboa matundu ndani ya Les Paul kupunguza uzito.

Jepesi nalo lina mtego wake: mwili ukiwa mwepesi mno, shingo inazama. Dukani vaa mkanda, simama, achia mikono yote miwili. Kichwa cha gitaa kikielekea sakafuni, liache.

Kuna kijana wa Iringa aliniuliza kama achonge gitaa lake kwa mninga. Mdogo wangu, mninga unatulia, haupindi ovyo, ila ni mzito. Toboa vyumba ndani kabla hujafunika uso. Au jaribu paina ya Sao Hill, iko jirani nawe hapo Mufindi. Usiidharau. Gitaa la majaribio la Leo Fender, mwasisi wa kampuni ya Fender, mwaka 1949, lilikuwa la paina. Chagua ubao usio na vifundo, uliokauka sawasawa, na skrubu zake uzitobolee njia kwanza, maana paina ni laini na inapasuka.

Mimi mkesha ujao naenda na jeupe. Jekundu linabaki nyumbani, la kurekodia nikiwa nimekaa.