Tahadhari: Mashine ya kupima mwili mzima kwa kushika kijiti

Ninaandika kwa hasira na, nikiri wazi, kwa aibu, kwa kuwa wengi wenu mnanijua kama mtu wa kuwacheka wanaotapeliwa. Nilikuwa nikiumwa mgongo, nikaenda kwa mtu mwenye mashine inayodaiwa kupima mwili mzima kwa kushika kijiti tu.

Mtu yule alivaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri, akanipokea kwa upole ambao sijawahi kuupata kwenye foleni ya hospitali. Aliniuliza umri, urefu na uzito, akaandika kwenye kompyuta, kisha akanipa kijiti cha chuma chenye waya nikishike kiganjani bila kusema neno. Kwa muda wa dakika moja hivi mistari myekundu na ya kijani ilipanda na kushuka kwenye skrini, na kila wekundu ulipotokea aliguna taratibu, kama mtu anayepokea habari za msiba. Printa ikatoa kurasa zaidi ya 30: figo zimechoka, ini lina mafuta, zinki imepungua. Niliamini kwa sababu namba zilikuwa na desimali, na kwa sababu alitaja maumivu ya mgongo kabla sijayasema, ingawa niliingia nikiwa nimejishika kiuno.

Ukurasa mmoja ulisema kwamba kifuko changu cha nyongo ni dhaifu. Kifuko hicho kilitolewa kwa upasuaji miaka mingi iliyopita, na kovu ninalo! Nami nilikaa pale nikiitikia, nikanunua dawa za miezi mitatu za kukiimarisha. Dada yangu ndiye aliyezisoma karatasi zile, akauliza swali moja tu: "Nyongo ipi?"

Figo hupimwa kwa kreatinini ya damu, yaani taka ambayo figo huichuja, na kwa mkojo. Kisukari huhesabiwa kuanzia sukari ya damu ya 7.0 mmol/L kwa aliyelala bila kula, na asiye na dalili hurudiwa kipimo kabla ya kuambiwa anaumwa. Hata maabara halali ina mipaka yake, kwani viwango vya kawaida huwekwa ili viwachukue takriban asilimia 95 ya watu wenye afya, na mzima akipimwa vitu 20 si ajabu kimoja kitoke nje ya kiwango. Kijiti kisichogusa hata tone la damu kitajua nini?

Marekani, Elizabeth Holmes, mwanzilishi wa kampuni ya Theranos, alihukumiwa mwaka 2022 kifungo cha zaidi ya miaka 11 kwa kuwalaghai wawekezaji kuhusu mashine za kupima damu. Huyu wangu naye afungwe, na mashine ivunjwe mbele yake. Mkimwona mpimaji ambaye ndiye muuza dawa, tena hataki muende kwa daktari na majibu kabla ya kununua, ondokeni. Nilipompigia kumweleza habari ya nyongo, alinijibu kwamba mashine husoma "kumbukumbu ya kiungo", kisha akazima simu.