Balbu gani ununue kama unauza vitenge (mi nishalizwa tayari)

Mwezi uliopita nilinunua balbu nne za LED hapa Mwanga, Kigoma, elfu mbili mbili, nikajiona mjanja. Jioni ile ile akaja mama mmoja wa Ujiji anatafuta kitenge cha sare ya sendofu, anataka damu ya mzee, na mzigo ulikuwa umeingia jana yake hata mi sijautoa nje, tukaangalia chini ya taa wote tukakubali ndo yenyewe, akabeba pisi sita. Asubuhi huyo karudi nazo. "Mwanangu, hii damu ya mzee au jezi ya Simba?" Juani kitenge kinawaka!

Kwa hiyo leo sitaki habari za wati, wati zimeandikwa kwenye boksi utasoma mwenyewe, na ile ahadi ya kudumu "miaka 15" we cheka tu. Mi nataka balbu inayoonyesha nyekundu ilivyo.

Iko hivi, LED nyeupe haitoi mwanga mweupe moja kwa moja. Ndani mna kidude cha bluu, nanomita 450 hivi (ndo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, kila rangi na wake), kimefunikwa na unga wa njano, bluu ikipita humo nyingine inageuka njano, macho yakichanganya unaona nyeupe. Unga ukiwa wa bei chee, nyekundu, ile ya nanomita 620 kwenda juu, inatoka kiduchu. Na kitambaa chekundu kinarudisha tu nyekundu iliyokifikia, isipofika kitarudisha nini? Kinafubaa na kuwa cheusi cheusi, ndo maana nyekundu ya Simba usiku ikawa damu ya mzee.

Kwenye boksi tafuta Ra au CRI, namba ya kuonyesha taa inatoa rangi kwa ukweli kiasi gani. Mwisho wake ni 100, jua liko hapo. Ila kuna ujanja: Ra ni wastani wa rangi 8 zilizopauka, nyekundu iliyokolea wanaiita R9 na haimo kwenye hesabu, yani balbu ina Ra 80 na bado ikakuulia nyekundu yako. Nenda dukani na kipande cha kitambaa chekundu, kiangalie chini ya balbu halafu juani, wakikushangaa waache washangae.

Ya kwanza kwangu Philips, na sijifichi, namba yake ipo kwenye boksi na nyekundu naiona. Ukibahatika kupata yoyote ya Ra 90 kamata. Ya pili LED yoyote iliyoandikwa Ra 80 ikafaulu mtihani wa kitambaa. Ya tatu glopu ya zamani ya waya, rangi zote zimo kuanzia nyekundu, ila inavuta njano na wati 60 Luku italia, LED ya wati 9 inatosha mwanga ule ule. Za elfu mbili weka chooni.

Halafu hawa wauzaji jamani. Nilirudi kumuuliza kaka wa duka mbona boksi halina Ra, akaniambia "dada, mwanga ni mwanga, we unataka iwake au iongee?" Kubadilisha hataki, eti nishaifungua, sasa nisipoifungua nitaijaribuje? Na hiyo 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikipanda bluu inazidi) wanayoisifia "nyeupe pee" ndo imejaa bluu balaa, ukiomba ya 3000K wanakuona mshamba.

Yule mama nilimrudishia hela yake yote. Zile balbu, moja ishaungua.