Stesheneri ya Mwenge kwa wenye makabrasha ya vikao

Kazi yangu ya utawala chuo kikuu ni vikao na karatasi: asubuhi menejimenti, mchana rufaa za wanafunzi, jioni madokezo yanasubiri saini. Mashine ya ofisi ikizidiwa, makabrasha ya Seneti nayapeleka stesheneri moja pale Mwenge, Dar es Salaam. Dada wa mashine hana papara. Anapekua kila ukurasa kabla ya kubana spairo, na juzi aligundua rasimu ya mtaala imeingia kichwa chini miguu juu. Huyo ni mtu wa kazi kwelikweli! Bei imezidi ya majirani kidogo, na umeme ukikatika mtasubiri. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wanatoa bila kuombwa, wahasibu wetu wanaridhika. Wahini asubuhi, mchana wanafunzi wanafurika na tasnifu zao.