Programu ya kutafuta nyumba inayouliza dini kabla ya kipato

Kwa wiki tatu nimetumia programu ya simu inayowaunganisha wapangaji na wenye nyumba, na yapo ya kusifiwa: picha zake ni za kweli, ramani haimpotezi mtu, na madalali wake hupokea simu upesi. Kasoro inaanzia kwenye fomu ya kujisajili, ambamo kisanduku cha dini ni cha lazima, ilhali kile cha kipato, ambacho ndicho kingemhakikishia mwenye nyumba kwamba kodi italipwa, waweza kukiacha kitupu.

Nyumba ya vyumba viwili niliyoipenda iliandikwa kuwa iko wazi. Dalali alithibitisha hivyo, tukakubaliana niende kuiona kesho yake asubuhi, kisha akaniuliza jina kamili. Nilipolitaja alinyamaza kidogo, akasema, “Samahani, ndugu yangu, naambiwa kuna mtu ameshailipia.” Jioni tangazo lilikuwa lingali pale. Nikamwomba mfanyakazi mwenzangu, ambaye mshahara wake na wangu unalingana ila jina lake ni la dini nyingine, apige namba ileile; aliambiwa aje hata usiku huo. Huko Marekani, ambako sheria ya mwaka 1968 inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya dini, rangi au asili yake, watu wa kupima kama kuna ubaguzi hutumwa wawili wawili kwa namna hiyohiyo, na tofauti ya majibu wanayopewa hutumika mahakamani kama ushahidi.

Nilipolalamika, huduma kwa wateja ilijibu kwamba inaheshimu matakwa ya mwenye nyumba. Ningemwelewa kidogo anayepangisha chumba ndani ya nyumba anamolala yeye mwenyewe, lakini hilo ni jengo la ghorofa, na mwenyewe haishi humo.

Kinachonisumbua zaidi ni kile ambacho mteja hakioni. Nilipobadilisha jibu la dini kwenye fomu, kwa majaribio tu, orodha iliyokuwa na nyumba tisa ikawa na kurasa tatu. Maana yake ni kwamba mchujo hufanyika kabla hujapiga simu, na aliyechujwa hana wa kumlalamikia, kwa kuwa hajui kwamba amekataliwa.

Naipa nyota mbili kati ya tano, moja ya picha na moja ya ramani. Kisanduku cha dini kikiondolewa, pamoja na mchujo unaokitegemea, nitaijaribu tena.